Pale Namba Zilimufikisha

Joviale alikuwa anafwata namba za ramani ya telefone juu ya mawe meusi ya volkano, peke yake.

"Mama, unatafuta nyumba gani huko?" motari aliyemuleta na pikipiki akamupigia kelele kutoka barabarani. "Lava ilikula zote!"

"Latitudo na longitudo haziunguake, papa!"

Namba hizo alimutumiaka bwana yake, aliyefungiwa na vita kule Masisi, ili akirudi apate nyumba yao mupya. Kisha lava ikashuka, yeye akakimbilia kambi ya Mugunga, na telefone ya bwana ikanyamaza.

Namba zikamufikisha ku musalaba wa mbao mbili, umefungwa na mukaba wa suruali aliomununulia bwana yake ku soko ya Birere. Juu yake kuliandikwa na makaa: JOVIALE.

Akaligusa jina. Makaa ikamupaka kidole, ingali kavu, na mvua ilikuwa imenyesha mpaka asubuhi hii.

"Motari! Ulileta nani mwingine hapa leo?"