Mkifika Amina, Niiteni

Katika boma moja la wafugaji, Beberu aliitwa Mchungaji kwa ajili ya ndevu zake na sala zake ndefu. Punda hakujua kupanga maneno. Alijua kubeba maji.

Jumapili moja, katikati ya ibada, mwanakondoo alinasa kwenye matope ya lambo. Mama Kondoo akapiga yowe.

“Tufumbe macho tumwombee,” akasema Beberu, akaanzia kwa Adamu.

Punda alifumba macho, lakini masikio yake marefu hayakufumbika. Mtoto alikuwa akilia. Akaondoka.

Beberu akafungua jicho moja. “Rudi! Hatujafika Amina!”

“Mkifika, niiteni,” Punda akajibu, akashuka lamboni.

Matope yakamfika tumboni. Akateleza, akainuka, akazama tena, akakaza miguu, mpaka akamshika mtoto kwa meno na kumvuta nje.

Aliporudi, sala ilikuwa imefika kwa Nuhu tu. Mama Kondoo akamlamba mwanawe, kisha akainamisha kichwa.

“Amina, Mchungaji.”

Beberu akafumbua macho aitikie kama ilivyo desturi, akakuta kundi zima limempa mgongo, limemwelekea Punda.