Kijito Kisafi

Hidaya, mtafiti wa mito, alimwaga kilichonaswa na wavu wake kwenye trei nyeupe, akainama kutazama. Ulikuwa mchanga mtupu, hamna hata kidudu kimoja kilichotambaa.

Mwaka uliopita ni yeye aliyesimama mbele ya watu wa mtaa akasema magogo na majani makavu yanakichafua kijito, nao wakayatoa yote. Kumbe majani yale yalilisha wadudu, wadudu wakalisha samaki, na samaki ndio waliomleta fisi maji, yule mnyama mwogeleaji anayewawinda.

"Unakionaje, daktari?" aliuliza Mzee Chande kutoka ng'ambo ya kijito, reki begani. "Nakipitia kila asubuhi. Hata jani moja silibakizi, kama ulivyotuelekeza."

Hidaya aliitazama trei tena. "Nakiona, mzee. Mmejituma kweli."

Mzee alipoondoka, Hidaya alivunja tawi lenye majani, akaingia majini, akalilaza kukinga mkondo na kulikanyaga lisichukuliwe. Jani moja kavu likaja na maji, likanasa, likabaki.

"Tawi limeangukia majini, mwanangu?" Mzee Chande alikuwa amegeuka, anarudi haraka. "Acha, nitalitoa mimi."

Reki ilikuwa imeshanyooshwa. Mguu wa Hidaya ulikuwa bado juu ya tawi.