Maumivu ya Elinami

Mume wangu Elinami anacheza mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kugongana, na siku hizi wachezaji wa ligi hawasikii maumivu. Kila mmoja humwandikisha ndugu wa damu wa kumpokelea maumivu hayo mwilini mwake. Mama yake ndiye aliyejitolea, akatoka Same mpaka huku Ohio. "Nilimzaa kwa uchungu," alisema, "haya ndiyo yatanishinda?"

Tangu Septemba, kila Jumapili mchana, mechi ikichezwa, mama anajikunja kwenye kochi. Wiki ya tatu ilikuwa bega, ya tisa mbavu. Nilimkanda kwa maji ya moto huku nikiwatukana wenye timu kwa Kipare. Watu wanasema msimu huu Elinami hana woga. Woga autoe wapi, na anayeumia ni mwingine?

Leo ni mechi ya mwisho. Nilimkuta mama jikoni, amesimama wima, anasonga ugali.

"Mkwe, leo sisikii kitu!" alisema akicheka. "Mwanangu amewakwepa wote!"

Nyuma yake, kwenye televisheni, wachezaji wa timu zote mbili walikuwa wamepiga magoti kumzunguka Elinami, aliyelala chali bila kutikisika.

Nilichukua rimoti, nikazima sauti.

"Endelea kusonga, mama," nikamwambia. "Usigeuke, utaungua."