Mlima Usiolisha Hata Mbuzi

"Moshi tu," ilisema sauti ya Mzee Mowlid kutoka kwenye simu. "Wamenipandisha gari saa nzima kunionyesha moshi. Udongo mweusi kama masizi ya sufuria, jani hakuna. Mlima mzima haulishi hata mbuzi mmoja, na wazungu wanalipa kuuona. Walaahi, Rukiyo, hawa watu wamekosa kazi."

Rukiyo aliusikiliza ujumbe wa sauti wa mumewe hadi mwisho, akaiweka simu mezani na kumpimia mteja maziwa ya ngamia. Aliyesonya ni binti yao, Ruweyda, aliyekuwa ameketi nyuma ya madumu.

Alikuwa na haki ya kusonya. Miezi minne alimbembeleza baba yake apande ndege aende Italia akamwone Chiara, msichana ambaye Salah, kaka yake, alitaka kumwoa. Salah alikuwa nesi katika mji ulio chini ya mlima huo wa volkano, na alikwisha kuapa kwamba hafungi ndoa bila radhi ya baba. Chiara naye alishatoa shahada akasilimu. Lilibaki neno moja tu la mzee. Lakini mzee mwenyewe alikuwa dalali wa mifugo katika soko la Garissa, mtu ambaye dunia yake yote ilianzia Banissa ikaishia Bura. Mpe mtu kama huyo likizo ya siku tano Ulaya, atakuletea nini zaidi ya kiburi?

Simu ikalia tena. Sasa walikuwa wamefika kwenye shamba la kina Chiara.

"Vijiti vya zabibu, vimefungwa kamba kama ndama wakorofi. Zabibu zenyewe wanazikamua, wanaziacha hadi zichachuke, halafu wanaita mali. Mapipa ya pombe makubwa kuliko nyumba ya jirani yetu Dubow. Mimi sikuingia. Nimekaa nje juani na chupa yangu ya maji, nawatazama watalii. Wananusa glasi, wanasukutua, wanatema. Watu wazima na mvi zao, wanatema."

"Hooyo, mwambie anyamaze," Ruweyda alimwambia mama yake. "Anamharibia Salah."

"Ngoja amalize," alijibu Rukiyo.

"Amalize nini? Ameshatukana mlima, mimea na watu. Bado hewa."

Rukiyo alifunga dumu, akafuta meza. Ruweyda alimtazama akajiuliza mwanamke anawezaje kuishi miaka thelathini na mdomo wa namna ile bila kuokota jiwe. Yeye alikuwa na digrii na meza yake katika ofisi ya kaunti, na kwa kweli alimdharau baba yake. Hakulificha tena jambo hilo. Alimdharau kwa kikoi chake, kwa fimbo yake aliyolazimisha kupanda nayo ndege, na kwa tabia yake ya kuangalia kila kitu kana kwamba kimeletwa sokoni kikiwa na kidonda.

Sauti ya tatu ilimwondolea uvumilivu uliobaki.

"Baba wa msichana amejitokeza. Kofia imetoboka, suruali inashikwa na kamba. Kumbe alizaliwa Kisimayu, baba yake alilima ndizi. Kisomali anakijua, kibovu kama barabara ya Lafey. Ameniuliza shamba lake naliona vipi. Nikamwambia nimeona makaburi yaliyotunzwa vizuri zaidi. Nikamwambia binti yake mwembamba, anatembea mbio mno, na chai yake haina sukari. Naye bila haya akaniambia Salah ana masikio makubwa, na hajapata kumwona nesi aliyetajirika."

"Alisema hivyo?" Rukiyo aliiuliza simu, kama vile ingemjibu, akatabasamu.

Ruweyda aliona tabasamu lile akapandwa na hasira kabisa. Wazee wawili walikuwa wanatukaniana watoto wao, na mama anacheka. Alishika simu yake akaandika: "Bro, mzae amekataa. Anamtusi Chiara mbele ya babake. Usingoje radhi ya mtu kama huyo. Mchukue Chiara mkafunge ndoa leo, yeye mwache huko huko na kiburi chake."

Jibu lilifika kabla mteja mwingine hajalipa. "Nimesikia mwenyewe kwa masikio yangu. Tumeshaondoka. Msikitini wanatungoja saa kumi. Namba yake nimeifunga, sitaki kumsikia tena maishani."

Ruweyda alijisikia mwepesi. Hatimaye kuna mtu katika nyumba ile amefanya jambo la maana. Akaenda kumsaidia mama yake kupakia madumu matupu.

Jua lilikuwa limeanza kupungua ukali pale sauti ya mwisho ilipoingia. Mzee Mowlid alikuwa akihema kama mtu aliyetoka kutembea haraka.

"Rukiyo, tumepeana mkono. Mahari ni ngamia ishirini majike, watakaa kwetu kwa jina la msichana. Mpigie mchungaji wetu Mustafe huko Bura aanze kuwatenga leo. Huyu mzee ni dalali kunishinda mimi, jasho limenitoka. Watu wa heshima hawa, na binti kama yule sijaona, lakini ungesifu vipi mali ya mtu kabla hamjapatana bei? Sasa nimetoka nje nimpe Salah radhi yangu, simwoni. Gari halipo. Nampigia, simu haiingii. Mwambie Ruweyda ampigie, yeye humsikiliza."