Mkono wa Feruzi

Mafuta ya karai yalipomuunguza Feruzi mkono wa kulia, daktari aliushona mkono huo kifuani, ukae hapo mpaka ngozi ya kifua iushike, kama mche unavyoshika udongo mpya. "Ngozi haitaki haraka," alimwonya, "wala haitaki ubishi."

Feruzi na ubishi walikuwa chanda na pete. Alirudi nyumbani akinyata, kajitanda shuka kuficha bandeji, vidole tu vikichungulia kifuani. Njia ilipita barazani kwa Bi Mwanakhamisi, na hawakuwa wakiamkiana tangu mbuzi wa bibi huyo alipotafuna kanzu ya Idi ya Feruzi.

Bi Mwanakhamisi akaona mkono kifuani na mgongo ulioinama kwa maumivu ya nyuzi. Machozi yakamlengalenga.

"Feruzi mwanangu, ni wewe wa kuniinamia? Basi yamekwisha!"

Feruzi akafumbua mdomo amweleze habari ya nyuzi. Ikatoka, "Shikamoo, mama."

Nyuzi zilipokatwa, alirudi pale na kanzu mpya, kifua mbele, ameapa kumwambia ukweli wote na kesi ya mbuzi ianze upya. Bi Mwanakhamisi akainua uso. Mkono, bila kumwuliza mwenyewe, ukapanda ukatua kifuani, na mgongo ukaufuata.

Feruzi akabaki ameinama hivyo hivyo, na nyuma yake mbuzi akiutafuna upindo wa kanzu, taratibu.