Mwenyeji wa Kicukiro

Jembe lilikuwa tayari juu ya kichwa cha Alida mbwa mzee alipong'ata kitenge chake na kumvuta nyuma.

"Niache!" akafoka. Vita vilikuwa vimekwisha, yeye amerudi Kicukiro kutoka Bujumbura wiki tatu tu zilizopita, na maharage yalitakiwa ardhini kabla ya mvua. Mbwa huyo Alida alimkuta kwenye nyumba hii alipofika, akambembeleza kwa makombo mpaka akakubali kuwa wake.

"Si nilikuambia, dada?" Jirani yake alicheka, akianza kukatiza shamba. "Mbwa mzee iko na kichwa ngumu! Ngoja, nakuja na fimbo."

Mbwa hakuachia. Alitetemeka mwili mzima, na kigutu cha mguu wake wa nyuma kilipigapiga hewani. Kovu lake lilikuwa jeusi, limekunjamana kama ngozi iliyoungua.

Alida siku zote alidhani ni gari lililomkata.

Akatazama pale jembe lilipokuwa likielekea. Kati ya magugu ulichomoza ukingo wa kitu cha duara, cha kijani, laini kama kifuniko cha sufuria.

"Dada, simama hapohapo! Kuna bomu limetegwa!" Alida akapaza sauti.

Jirani akaganda, mguu mmoja juu. "Nitatokaje huku, Alida?" Alikuwa analia.

Mbwa akaachia kitenge. Akamwendea jirani polepole, akizunguka huku, akiruka kule, mpaka akamfikia. Kisha akageuka na kuanza kurudi.

"Mfuate," Alida akanong'ona. "Kanyaga anapokanyaga yeye."

Jirani akashusha mguu.