Mume wa Vyuma Chakavu

"Pua siyo hiyo," alisema yule mama. "Imenyooka mno."

Fundi alichukua koleo, akaing'oa kwa mara ya tatu. Ilikuwa mpini wa kijiko kilichovunjika, ameukunja na kuupiga tupa mpaka ukatoka matundu mawili. Akautupa kwenye ndoo ya taka.

"Iliumia zamani, ikaunga vibaya," mama alieleza. "Imelalia kushoto. Ungemwona mwenyewe ungejua."

"Nitaipinda."

Kazi ya Fundi ilikuwa kuchomelea mageti na madirisha. Sasa mageti ya watu yameegemea ukuta wa karakana, nusunusu, na wenyewe wamechoka kupiga simu. Yeye alikuwa ameinamia uso wa mwanamume, anauunda kwa takataka: nyusi za mnyororo wa baiskeli, midomo ya zipu ya begi, masharubu ya miswaki mikuukuu, mashavu ya vizibo vya soda vilivyopondwa vikawa laini na kupangwa kama magamba ya samaki. Hata kikovu cha kidevuni kilikuwa na uzi wake wa waya.

Vitu vingine alivileta yule mama. Kila asubuhi aliingia kwa mlango wa nyuma, amefumbata kitu kiganjani: mashine ya kunyolea iliyokufa, mkono wa miwani, saa isiyotembea.

"Hivi ni vyake," alisema. "Atengenezwe kwa vitu vyake."

Siku moja alileta kifungo cha koti. Fundi alikishika muda mrefu kabla ya kukifanya mboni ya jicho.

Seremala wa jirani alipita kuazima msumeno, akauona ule uso, akamvuta Fundi pembeni.

"Unajiua bure. Mwambie ukweli."

"Nilishamwambia. Alilia mpaka jioni, akaniita mwongo. Kesho yake akaniuliza tena mumewe yuko wapi."

"Sasa sanamu itamsaidia nini?"

Alichojua Fundi ni kwamba juzi mama alikutwa ng'ambo ya reli, pekupeku, akimwulizia mumewe kwa kila dereva wa lori. Chakula alikuwa hagusi. Hawezi kula, alisema, kabla baba watoto hajarudi.

Kilicholeta balaa ni nywele. Fundi alizifuma kwa waya wa alumini, unywele mmoja mmoja, mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Mama alipoziona, sura ikambadilika.

"Huyu nani? Mbona mzee? Mume wangu hana mvi hata moja."

Fundi alinyoosha mkono amshike bega. Mama alirudi nyuma kwa kishindo, akajibana kwenye mageti.

"Usiniguse, fundi. Mimi ni mke wa mtu."

"Samahani, mama."

Fundi alishusha miwani yake ya giza, ile ya kuchomelea, ingawa hakuwa anachomelea kitu. Kisha akang'oa waya wote, akachukua mpira wa ndani wa baiskeli, akauchana nyuzi nyembamba nyeusi, akaanza upya. Kisu kilimkata kidole. Alikifunga kitambaa, akaendelea.

Siku uso ulipokamilika, aliuweka juu ya meza kwenye mwanga wa mlangoni, akasogea kando.

Mama alikaribia taratibu. Alipitisha kidole kwenye nyusi, akashuka na pua, akafika midomoni, akatulia hapo. Mabega yake yakalegea.

"Ulikuwa wapi wewe?" aliuuliza ule uso. "Unanitia hofu kiasi hiki, halafu unarudi kimya kimya."

Akacheka kidogo. Alivuta kiti akakaa mbele ya meza, akajitengeneza mtandio kama mtu aliyepata mgeni. Ndipo akamkumbuka Fundi, akamgeukia kwa adabu.

"Ahsante sana, fundi. Mungu akupe nguvu. Sasa nenda ukapumzike. Na wewe una wako nyumbani, watakuwa wanakusubiri."

"Kweli, mama."

Fundi alianza kukusanya zana, polepole, koleo hapa, tupa pale, huku akimsikiliza mama akiuhadithia uso ule habari za nyumbani.

Binti wa yule mama aliingia na bakuli, kama kila mchana. Alisimama kizingitini akamtazama mama yake akivibembeleza vyuma. Akatua bakuli mezani, na mama akachukua kijiko akaanza kula bila kuambiwa. Binti akamwendea Fundi, akamfuta vumbi la chuma shavuni kwa ncha ya kitenge chake.

"Pole, baba," alisema kwa sauti ya chini. "Leo pia mama hajakutambua?"